Mawe ya Chini ya Jani

Umeniomba kipande cha lile jani langu la saloni, ule mmea wangu wa sebuleni, mwanangu, uende nalo nyumbani kwako baada ya harusi. Nitakupa. Lakini hulibebi kabla hujanisikiliza, na leo mimi sina haraka, wewe nawe huna.

Nakumbuka siku moja niliyomdanganya tate yako, mama mzaa baba yako, tena machoni pake, huku ushahidi ukiwa umelala mlangoni. Sote tulimwita Mama Kavira. Nilikuwa bibi arusi wa miezi mitatu hapa Katoyi, mtaani kwetu Goma. Mimi binti wa Masisi, wao watu wa Beni, na mashangazi wa baba yako walikuwa bado wananitazama kama mtu anayetazama maziwa jikoni, yatafurika au hayatafurika.

Sasa, Mama Kavira alikuwa na jani lake saloni. Lilitoka kandokando ya kijito nyuma ya nyumba ya mama yake, kule porini upande wa Beni. Siku walipokimbia vita aliling'oa, akalibeba ndani ya sufuria, vyombo vingine vyote akaviacha. Majani mapana kama sahani, juu kijani cha kukolea, chini mekundu. Alikuwa amelipanda katika kopo la maziwa ya unga lililotobolewa, ndani nusu mawe ya volkano yaliyopondwa, nusu majani yaliyooza. Lilikaa karibu na bidoni, yale madumu ya maji, mbali na jua la dirishani.

Alipokwenda Butembo kumwangalia wifi yangu aliyejifungua, aliniachia neno.

"Usiipende sana," aliniambia. "Tia kidole. Kama udongo iko na maji, uiache."

Nilicheka moyoni. Mtu wa Masisi afundishwe udongo? Kwetu ukidondosha maharagwe njiani, ukirudi unavuna! Na yale mawe, mwanangu, mimi nilikuwa na kesi nayo. Moto wa volkano ulipita juu ya nyumba ya baba yangu hapa Goma, ukaganda, baba akarudi kijijini na shati alilovaa. Sasa niyaone mawe yale yale yamekaa saloni, karibu na vitambaa vyangu vya kroshe? Hapana. Nikayatoa yote, nikayamwaga kando ya mlango. Nikajaza udongo mweusi wa kwetu, ambao mjomba aliniletea ndani ya gunia la viazi. Matundu ya kopo nikayaziba kwa nta ya mshumaa, maji yasichafue kitambaa. Kisha nikamwagilia asubuhi na jioni, tena nikiimba.

Wiki ya pili majani yakageuka njano. Nikaongeza maji. Yakalegea. Nikalitoa juani lipate nguvu, jua likalibabua. Hapo ndipo nilipopaswa kuuliza. Telefone ilikuwepo, na Butembo si mbinguni. Lakini kiburi kilinifunga mdomo. Siku niliyosikia Mama Kavira yuko njiani anarudi, nilisukuma kopo chini ya kitanda.

Aliingia, akaweka mzigo chini, akatazama kona ya bidoni.

"Jani yangu iko wapi?"

"Mbuzi ya jirani iliingia, mama. Ilikula yote."

Akageuka polepole, akatazama mlango aliopitia.

"Mbuzi?"

"Ndiyo, mama."

"Ilitoa mawe kwanza, ikayapanga ku mulango, kisha ikakula jani. Eh! Mbuzi ya Katoyi iko na akili kuliko mutu!"

Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Yangu ilikuwa na urefu wa saloni. Baba yako alishindwa kuzuia kicheko, akatoka nje. Mimi nilipiga magoti nikavuta lile kopo, nikaliweka mbele yake bila kumtazama usoni, maana nilijua kule kijitoni hakuna tena mtu wa kwetu wa kwenda kuchimba jingine. Nilikuwa nimemaliza kitu pekee alichobaki nacho cha mama yake.

Alilipindua. Harufu ya kinamasi ikajaa nyumba. Hakunipigia kelele, na heri angenipigia. Aliketi kwenye mkeka, akatia vidole katika ule uozo, akatafuta, akatafuta, mpaka nikaanza kulia. Mwishowe akatoa kipande kidogo kama tangawizi, kigumu.

"Hii ingali inaishi," akasema. "Mutoto wangu, ulinyima jani pumuzi. Ile mawe ndiyo ilikuwa inaipa pumuzi. Sababu gani hukuniuliza?"

Ndipo nikamweleza habari ya nyumba ya baba. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote pale nyumbani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasimama, akakaza kikwembe chake, kitenge cha kiunoni.

"Nyumba ya papa yako ilikuwa fasi gani? Twende."

Tulikwenda kwa miguu, yeye na nyundo yake, na uchovu wote wa safari. Mahali pale sikuwa nimepakanyaga tangu baba aondoke. Tuliponda mawe sisi wawili, mchana kutwa, tukayafunga katika kikwembe, tukarudi. Akatoboa kopo jipya, akayatandaza, akapanda.

"Jani ni ya mama yangu," akasema. "Mawe ni ya papa yako."

Ikapita wiki baada ya wiki, hakuna kitu. Nilitia kidole, nikaliacha. Nilitia kidole, nikaliacha. Halafu asubuhi moja, mwanangu, likachomoza limejiviringa kama mkeka mdogo! Mama Kavira aliwaita mashangazi wote waje kuona. Mmoja akasema, "Kumbe jani lako limefufuka." Akamjibu, "Ile si yangu tena. Ni ya muke wa mutoto wangu." Tangu siku hiyo hakuna aliyenitazama kama maziwa.

Basi sikia. Liweke penye mwanga, jua lisilipige. Futa vumbi kwa kitambaa chenye maji. Usizibe matundu, kitambaa kinafuliwa. Na huko unakokwenda utakuta vitu vimepangwa kwa namna itakayokuudhi. Kabla ya kuvitoa, uliza. Kuuliza si ujinga. Ukiharibu, sema umeharibu siku hiyo hiyo, kwa sababu kinachooza kinatafutwa kingali na kipande kizima. Na umpendaye, mwachie pumzi.

Mungu akupe mkono mwepesi na mdomo usioona haya kuuliza. Mama mkwe wako akuite mtoto wake mbele ya watu. Majani yako yafunguke, na watoto wako wayafute vumbi.

Haya, pokea kopo. Ni zito kwa mawe yale yale, najua. Umebeba nyumba ya baba yangu.