Pale Wimbo Uliponyamaza

Mume wangu alikuwa mpima karafuu pale bandarini Wete, na mikono yake ilinukia karafuu hata siku ya Idi baada ya kuoga. Lakini ukimuuliza kazi yake, alikujibu kuwa yeye ni mpiga udi, na karafuu ni za kututafutia unga tu.

Muziki wenyewe haukuwa wa kwetu. Ulitoka Misri, ukafika Unguja kwa watu wakubwa, na sisi Pemba tuliupata kwa santuri. Mashine hiyo ilikuja na chombo kutoka Tanga, ikawekwa dukani kwa Mhindi mmoja muuza nguo, na mume wangu akaiona siku hiyohiyo. Sijui alimwambia nini yule Mhindi. Ninachojua ni kwamba alasiri alikuja nayo begani, amelowa jasho, akaiweka juu ya kitanda chetu kama mtu anayelaza mtoto.

Mimi ndiye niliyeitia ufunguo, maana yeye alikuwa bado akijipangusa jasho. Sahani nyeusi ikazunguka, sindano ikakwaruza, kisha akatoka mtu. Sisemi sauti, nasema mtu. Alivuta pumzi kabla ya kuimba, na pumzi ile niliisikia, ya mtu nisiyemjua wa nchi nisiyoijua, ndani ya chumba changu cha kulala. Nikajitanda kanga haraka. Nikamuuliza mume wangu kama yule naye anatuona. Hakunicheka. Alikuwa amekaa sakafuni, machozi yanamtoka, na hapo nikazidi kuogopa.

Basi kikundi kilianzia chumbani mwetu. Yeye na udi wake, fundi cherehani mmoja wa Kihindi na fidla, na mvuvi wa Kiuyu aliyepiga ngoma ya dumbak kwa vidole vilivyochanwachanwa na mishipi. Walikaa ukumbini kila Ijumaa baada ya sala, na mimi nilikaa chumbani na mashine, pazia katikati yetu. Kazi yangu ilikuwa kutia ufunguo, kubadili sindano na kugeuza sahani. Wao walipiga pamoja na santuri mpaka vidole vikajua njia. Maneno yalikuwa ya Kiarabu, na mume wangu aliyaimba yote bila kuelewa hata nusu yake. Wakati wa vita sindano ziliadimika, nikawa nachonga miiba, na mwiba mzuri, ukiuchonga vizuri, ulitoa sauti laini kuliko chuma.

Sasa, wimbo ule mkubwa waliokuwa wakiupenda kuliko zote haukuenea upande mmoja wa sahani. Ukifika katikati, unakatika. Hapo mimi huinua sindano, nikaitoa sahani, nikaifuta vumbi kwa ncha ya kanga, nikaigeuza, nikatia ufunguo, nikarudisha sindano, na wimbo ukaendelea. Wao kule ukumbini hukaa kimya wakingoja. Na kwa kuwa walijifunza hivyo, walipiga hivyo. Harusi ya kwanza waliyoalikwa, walifika katikati, wakanyamaza wote watatu, mikono imetulia juu ya vyombo, kisha wakaendelea. Nilikuwa upande wa wanawake, nikakaribia kupiga kelele.

Nyumbani nikamwambia, "Pale ni mie nageuza sahani, yakhe. Kwani nanyi mna sahani?"

Akanijibu kwa upole ulioniudhi, "Wenye muziki wao ndio walioukata pale. Walikuwa na nchi nzima ya kuchagua pa kukata, wakachagua pale. Mie n'nani hata niuunganishe?"

Ungemfanya nini mtu kama huyo? Nikamwachia Mungu.

Na watu walipapenda pale. Tukaitwa harusini Kengeja, tukapanda lori juu ya magunia ya muhogo, udi umefungwa katika shuka yangu ya harusi. Tukaitwa Kiuyu, tukaitwa mashamba nisiyoyakumbuka. Kila tulipokwenda, wimbo ukinyamaza, wanawake walisimama na mirashi wakawanyunyizia wageni marashi, taratibu, bila mtu kusema neno. Hakuna aliyewafundisha. Kimya kiliwajia, wakaona kinataka kitu. Baadaye ikawa ada, na bibi harusi aliyekosa marashi ya pale alihesabiwa ameolewa nusu.

Aliyetutia ndimu kwenye kidonda ni mtu mmoja wa Unguja, mpigaji, aliyekuja kwa mambo yake Wete akakaribishwa kusikiliza. Walipomaliza akasema mbele ya watu, kwa ile lafudhi yao ya kutusikitikia, "Nyinyi hampigi tarabu. Nyinyi mnapiga santuri." Watu wakacheka. Mume wangu naye alicheka, lakini usiku ule hakula, na kwa miaka iliyofuata neno lile lilikaa naye. Ikawa kila akipiga, anataka jambo moja tu: siku moja aje mtu wa hukohuko ulikotoka muziki, amsikilize, aseme kama yeye ni mpigaji au si mpigaji. Nilimwambia Misri ni mbali na Wete si njia ya mtu. Akasema mgeni njoo mwenyeji apone, na mimi nikamwambia mgeni mwingine huja na maradhi yake.

Akaja. Mtu wa Misri kwelikweli, mnene, wa makamo, tarbushi nyekundu kichwani, amekuja kuangalia karafuu. Mwenyeji wake alikuwa akioza binti yake wiki hiyohiyo, na kikundi chetu ndicho kilichoalikwa. Mume wangu aliposikia, alikata kucha, akabadilisha nyuzi zote za udi, akazibadilisha tena. Nilimwombea dua ambayo sikumwambia.

Ilikuwa alasiri. Wanaume walikuwa barazani, sisi nyuma ya shuka zilizotundikwa, na mimi nilitafuta tundu langu nikaliweka jicho. Mgeni alikaa mbele kabisa, pembeni yake mwalimu wa chuo cha Kurani, ambaye ndiye aliyejua Kiarabu cha kutosha kumtafsiria. Mwalimu huyo alikuwa akisema tarabu ni mambo ya shetani, ila hakuwahi kukosa hata harusi moja.

Wakaanza wimbo ule mkubwa. Mgeni aliinua kichwa mara moja, kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni ugenini. Hakutikisika tena. Mume wangu aliimba vizuri siku ile kuliko siku zote, nasema na Mungu ananisikia. Wakafika katikati, wakanyamaza. Wanawake wakasimama na mirashi.

Na katika kimya kile mgeni akaimba.

Hakusimama wala hakupaza. Alifumba macho, sauti ikaanzia pale hasa walipoachia, ikapanda. Ikapita mahali ambapo hatukujua kama pana mahali. Ulikuwa wimbo uleule wetu, tuliokula nao na kulala nao, na hata hivyo tulikuwa hatujapata kuusikia. Marashi yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye mrashi wa bibi aliyesimama mbele yangu, yakimlowesha miguu, na hakujua. Nilihisi kama mtu aliyekaa katika nyumba miaka yote, kisha siku moja anafunguliwa chumba ambacho hakujua kuwa kimo ndani yake. Fundi cherehani alijaribu kumfuata na fidla, akaacha. Mume wangu hakugusa uzi. Alimtazama mgeni mdomo wazi, machozi yanamtoka, sura ileile ya siku ya santuri.

Kisha sauti ikateremka polepole, ikafika mlangoni pa upande wa pili wa sahani, na mgeni akanyoosha mkono kwa mume wangu kama anayempisha. Mume wangu akaingia. Hakukosa hata kidogo.

Walipomaliza, mgeni alimkumbatia, akasema maneno mengi. Mwalimu wa chuo akatafsiri: "Anauliza nani kakufundisha."

"Santuri, Shehe."

"Anasema kila kidole kipo mahali pake. Anasema kwao wapo wapigaji wasiofika hapo ulipofika. Ila anasema wimbo huu una katikati yake. Waliikata kwa sababu sahani ilikuwa ndogo. Basi anauliza, pale mlikuwa mkingoja nini?"

Mume wangu aliinamisha kichwa, akajifanya anakaza nyuzi.

Ungedhani angefurahi. Jibu alilolitafuta miaka yote alikuwa amelipata, na bora kuliko alivyoomba. Lakini mgeni alipanda chombo akaenda zake na katikati ya wimbo, maana hakuna aliyeweza kuishika kwa kuisikia mara moja. Fundi cherehani alikuwa na vipande, mvuvi alikuwa na vipande, na vipande havikushonana. Mume wangu akautundika udi ukutani. Alisema, "Watu wote hao nimewapigia wimbo uliotolewa utumbo." Nikamwambia watu wote hao wameolewa, wamezaa, na hakuna aliyerudi kulalamika. Hakutabasamu. Niliogopa kwamba hataupiga tena, na nilijua kuwa mume wangu bila udi ni karafuu tupu.

Ilikuja harusi ya Kengeja iliyokwisha ahidiwa zamani, na ahadi ni deni. Ndani ya lori alikaa ametupa kisogo. Mvuvi aliniuliza chinichini kama wimbo mkubwa utapigwa, na kama utapigwa, vipi: waunganishe, au waruke, au wabandike vile vipande.

Waliupiga. Nilikuwa nyuma ya pazia, nimeshika mrashi kwa mikono miwili, katikati ikikaribia. Fundi cherehani alikuwa akimtazama mume wangu usoni, upinde uko tayari kwa lolote.

Mume wangu akanyamaza.

Kimya kikaingia kama siku zote. Wanawake wa Kengeja wakasimama na marashi yao. Yeye akageuza uso kuelekea kwenye pazia, akainua kiganja chake cha kulia, akakigeuza polepole, upande wa chini ukawa juu. Akangoja kadiri inavyotosha kuifuta sahani kwa ncha ya kanga na kutia ufunguo. Ndipo akaendelea.

Tulirudi Wete kesho yake asubuhi, juu ya magunia, udi kati yetu. Nikamuuliza mbona hakuunganisha, na sasa anajua kuwa wenyewe hawakuukata pale kwa kutaka.

"Yule bwana aliniuliza nangoja nini," akasema. "Niliona haya kumwambia mbele za watu. Nilikuwa nakungoja weye."