Mtoto Aliyeachwa Kila Safari ya Mwanza

Jirani yangu hapa Nyasura ana watoto watatu, na kila anapotaka kusafiri nao huwapaka mafuta ya mgando mpaka nyuso zao zinameremeta kama sahani zilizooshwa. Harufu ile huruka ukuta, huchanganyika na moshi wa mkaa na kunikuta nikiwa na kikombe changu cha chai. Chai yote inageuka chungu. Siku moja niliinuka nikafunga dirisha kwa kishindo, na jirani akadhani ninamchukia. Simchukii, masikini. Hasira yangu ni ya zamani, ina mwenyewe, na mwenyewe huyo ni baba yangu mzazi.

Nilizaliwa Buswahili, wilaya ya Butiama, kwenye nyumba ya wakulima wenye ng'ombe wachache na mihogo mingi. Baba alikuwa mwalimu wa kwaya kigangoni kwetu na mwenyekiti wa jumuiya, mtu wa sauti nene ambaye akianzisha wimbo hata mbuzi huacha kutafuna. Utani huo si wangu, ni wa mama, enzi zile mama alipokuwa bado anamtania mumewe. Na katika mambo yote ya dunia, baba aliamini moja kuliko mengine: mtoto apelekwe mjini akaone. Wazee wenzake walipomwambia kwamba mji unaharibu watoto, aliwacheka waziwazi.

"Mtoto asiyetembea," alikuwa anasema, "anadhani mama yake ndiye anayejua kupika kuliko wote."

Kila likizo ya Desemba alitupeleka Mwanza, kwa mama mdogo, na mara nyingi alibeba pia watoto wa kwaya ambao wazazi wao hawakuwa na mtu wa kufikia huko. Ninampa haki yake: safari zile zilitujenga. Mwanza niliona maktaba, chumba kizima cha vitabu, na unaruhusiwa kukaa humo mchana kutwa bila mtu kukuuliza unatafuta nini. Nilimwona mwanamke akishuka kwenye lori la mafuta, akavuta suruali yake juu, akalizunguka akiyapiga magurudumu kwa nyundo ndogo, na tangu siku hiyo mwalimu akisema kazi fulani ni ya wavulana nilikuwa ninamtazama tu. Niliona ziwa letu lilelile, ninalolijua la mitumbwi na dagaa, limebeba meli yenye ghorofa. Tulirudi kijijini tukiwa tumerefuka kwa ndani. Hata madaftari yetu yalibadilika.

Lakini nyumbani tulikuwa watoto wanne, na waliokuwa wanapanda basi ni watatu.

Wa nne alikuwa Magesa, kitinda mimba. Magesa alikuwa hasikii. Leo ninaisema sentensi hiyo kwa pumzi moja, ila kwetu hakuna mtu aliyewahi kuitamka. Baba alisema mtoto ni mzito. Bibi alisema mama alimcheka mtu asiyesema wakati wa mimba. Majirani walisema mambo ambayo sitayaandika. Sisi watoto tulijua tu kwamba haitiki akiitwa, anang'ata, anavunja vyungu, na akikasirika anajibamiza chini mpaka nyusi inachanika. Lugha yetu kwake ilikuwa kidole. Njoo. Toka. Kula. Hata "nyamaza" tulikuwa tunamwambia, mtu ambaye hajawahi kusikia neno lolote. Yeye mwenyewe alikuwa ametunga neno moja: alikuwa anasimamisha vidole juu ya kichwa kama pembe, na hapo alikuwa anataka kupelekwa kwa ng'ombe. Wageni wakija aliingizwa chumba cha mahindi, mlango ukafungwa kwa kamba. Mwalimu wa kwaya hawezi kuonekana na mtoto anayetoa sauti ile.

Asubuhi za safari ndizo zinazoniua. Mama alikuwa anatupanga uani na kopo la mafuta, na Magesa alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Mama hakuwa na moyo wa kumruka. Alimpaka kama sisi, kichwa, magoti, mpaka nyuma ya masikio yale. Magesa alivaa raba zake, akaweka shati moja kwenye mfuko wa rambo, akatufuata mpaka barabarani. Basi lilipofika alipanda ngazi pamoja nasi. Na kila mara baba alimshusha, akiubandua mkono wake kwenye chuma cha mlango, kidole kimoja baada ya kingine, kwa upole, kama mtu anayetoa kupe kwenye ndama. Afadhali angempiga. Mlango ulifungwa, baba akaanzisha wimbo, sisi tukaitikia.

Tuliporudi tulikuwa tunaongea wiki nzima, wote kwa pamoja, tukigombania nani asimulie meli na nani asimulie ngazi za kwa mama mdogo, ambaye nyumba yake ilikuwa juu ya mlima katikati ya mawe. Magesa alizunguka kati yetu akitazama midomo. Mara moja alinishika mdomo wangu wa chini kwa vidole viwili, akauvuta taratibu, akauchungulia. Nilimpiga kofi, na wote wakacheka.

Nilipokuwa darasa la tano mama mdogo alijifungua, na mama akaamua kwenda kumsaidia. Jioni moja, wakati tunamenya mihogo, alimwambia baba kwamba atakwenda na mimi na Magesa.

"Huyo umpeleke wapi?" baba akasema. "Atakanyagwa na gari. Hasikiagi honi."

Mama hakuinua uso kwenye mihogo, akamwita kwa jina langu. "Baba Nyangeta, wewe una masikio mawili. Umesikia nini miaka yote hii?"

Nilitegemea kofi. Baba aliondoka akaenda kuangalia ng'ombe ambao walikuwa wameshafungwa tayari.

Ndani ya basi Magesa alilamba kioo. Tulipopita Lamadi pundamilia walikuwa karibu na barabara, naye akaweka vidole kichwani, akasita, akavishusha, kwa sababu wanyama wale hawakuwa na pembe. Nilicheka. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba ndani ya kichwa kile kulikuwa na mtu anayesahihisha maneno yake.

Jumapili tulikwenda misa. Kanisa lilikuwa kubwa, feni zinazunguka, na upande wa kushoto, mabenchi ya mbele, walikaa watu kama kumi na tano. Mbele yao dada mmoja mwenye kitambaa cha bluu alisimama akiwapa mgongo mapadre, jambo lililonishtua sana. Mikono yake ilikuwa inatembea. Aliposhusha mikono, wale watu waliinua ya kwao, wote pamoja, bila sauti, wakijibu misa.

Mkono wa Magesa ulitoka kwenye wangu. Nilimwona akienda katikati ya kanisa, raba zake zikilia sakafuni, mpaka mbele ya benchi lile. Akasimama. Alitazama mikono ile kama mtu aliyekuta nyumba yao imehamishwa, vyombo vyote vimo ndani, na watu wanaishi humo bila yeye. Kijana mmoja mwenye shati la mistari alimwona. Alimgusa bega, akagusa sikio lake mwenyewe, akatikisa kichwa kwamba hapana, halafu akamnyooshea Magesa kidole na kuinua nyusi. Na wewe?

Magesa hakujua kujibu. Alikuwa na neno moja tu duniani, akalitoa hilohilo. Aliweka pembe kichwani.

Yule kijana hakucheka. Aliweka pembe za kwake, kwa namna tofauti kidogo, halafu akainua vidole: ng'ombe wangapi? Mdogo wangu akapiga kelele ileile ya chumba cha mahindi, kanisa zima likageuka, na mama, aliyekuwa ameshasimama ili amfuate, akakaa chini tena kwa kishindo. Alijifunika uso kwa khanga. Nilidhani anaona aibu.

Baada ya misa yule dada wa kitambaa cha bluu alikuja kwetu. Alituambia kwamba mtoto hana ubaya wowote wa akili, hasikii tu, na kwamba kuna shule za bweni za watoto kama yeye. Akauliza anasoma wapi. Mama akasema hasomi.

"Na umri huu wote, mama, mlikuwa mnaongea naye nini?" dada aliuliza, bila ukali.

Mama alimshukuru, akamshika Magesa mkono. Lakini safari nzima ya kurudi alikuwa anatazama dirishani, na nilimsikia akirudia kwa kilugha chetu, polepole: tulikuwa tunaongea naye nini.

Baba alikataa. Alisema hawezi kupeleka mtoto shule ya kupunga mikono ili watu waseme amezaa bubu. Mama akamwambia wanajua, kijiji chote kinajua, ni yeye peke yake aliyedhani amemficha. 

Kisha ikaja zamu ya jumuiya kusali kwetu. Watu walijaa uani, kwenye mikeka na viti vya kuazima, na baba mwenyekiti alikuwa amevaa shati jeupe. Ukafika wakati wa maombi, ambapo kila mwenye nia anasema na wengine wanaitikia. Mmoja aliombea mvua, mwingine mgonjwa aliyelazwa Musoma. Mama akasimama, akaingia ndani. Tukasikia kamba ikifunguliwa. Akatoka amemshika Magesa mkono, unga wa mahindi mpaka kwenye kope, akamsimamisha katikati ya watu.

"Tumwombee baba wa nyumba hii," alisema. "Anawapeleka watoto wa watu mjini wakafumbuliwe macho, na wa kwake anamfungia na panya. Mungu amfungue masikio. Ee Bwana."

Hakuna kuku aliyetembea. Baba alikuwa anatazama kitabu chake cha nyimbo kana kwamba kinaungua. Mimi nilikuwa ninahesabu vidole vyangu vya miguu. Halafu bibi mmoja wa nyuma, ambaye nadhani alikuwa amesinzia, akaitikia kwa mazoea: "Twakuomba utusikie." Na kwa kuwa sala ikishaitikiwa na mmoja haiwezi kuachwa njiani, uani kote wakaitikia, wanaume kwa wanawake, kwa sauti iliyopanda kuliko ya maombi yote ya siku ile: "Twakuomba utusikie!"

Januari mama alimpeleka Magesa shule mwenyewe. Baba alikwenda shambani alfajiri siku hiyo, hakuaga.

Likizo ya kwanza Magesa alirudi na mikono isiyotulia, akanifundisha. Alikuwa na jina, alilopewa na wenzake: kidole kinachopita kwenye kovu la nyusi. Aliacha kung'ata. Alikuwa mtoto mcheshi, mchokozi, mwenye maswali mpaka usiku, na sisi tulikuwa tumekaa na mtu huyo nyumba moja miaka yote bila kukutana naye. Leo ni fundi wa kuchomelea vyuma Musoma. Mageti yake utayakuta mtaa mzima wa Kigera. Mke wake hasikii pia, watoto wao wanasikia, na nyumba yao ndiyo yenye maneno mengi kuliko zote ninazozijua.

Mwaka jana padre alikuja kubariki nyumba hiyo. Baba, ambaye sasa anatembelea fimbo, aliomba nafasi ya kusema neno. Akasimama, akasafisha koo, na sauti ile nene ikatoka kama zamani. Aliwaeleza wageni faida za kupeleka watoto mjini. Kwamba yeye aliliona mapema, watu wakambishia. Kwamba mtazameni fundi huyu, ni safari ya Mwanza ndiyo iliyomfungua. Watu wakapiga makofi. Mama alikuwa anaokota wali uliodondoka kwenye meza, punje moja moja.

Magesa akanigusa, akauliza kwa mikono. Baba anasema nini? Katika miaka yote hiyo baba hakujifunza hata ishara ya jina la mwanawe. Nilitafsiri kila neno bila kupunguza, nikitaka hatimaye na yeye akasirike.

Alicheka mpaka akafuta machozi. Halafu akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema. Alipokuwa mdogo alikuwa anaona tukienda na basi, na tukirudi midomo yetu haitulii wiki nzima. Akaamini mjini ndiko watu wanakopewa midomo. Mnaenda, mnapewa, mnarudi. Ndiyo maana alinivuta mdomo siku ile, alitaka kuona ulivyopachikwa.

Nikamuuliza: na ulipokuwa unashushwa, ulikuwa unawaza nini?

Akainua mabega, akajibu kwa ishara ndogo, kama jambo jepesi. Alikuwa anadhani zamu yake bado.

Watu wazima wa familia wananiambia nisamehe, mzee ameshazeeka. Nimejaribu. Ningeweza kumsamehe mtu aliyemfungia mtoto aliyekuwa anajua amekataliwa. Lakini Magesa hakujua. Alisimama barabarani na shati lake kwenye mfuko, Desemba baada ya Desemba, akimwamini.