Mrija Wangu na Mrija Wake

Mimi nina mdomo, na sikatai. Rutamba nzima wanajua kwamba ukijikwaa mbele yangu, kesho utasimuliwa ulivyojikwaa, tena na miguno yake. Kwa hiyo mume wangu alipotolewa jiwe la figo akarudi nyumbani amejishika kiuno kama mja mzito, niliona nimeletewa kazi yangu mlangoni.

Tena niliamini nina haki ya kumcheka. Mwaka mmoja kabla yake nilitolewa jiwe mimi mwenyewe, na madaktari bingwa waliokuja Lindi mjini kwa kambi ya wiki moja. Nami niliwekewa mrija, ule mwembamba unaoachwa ndani kutoka figoni hadi kwenye kibofu ili mkojo upite wakati mtu anapona. Nilikaa nao wiki sita. Nilikojoa mara nyingi kuliko kawaida, basi. Wiki ya pili nilikuwa nimeinama chini ya mikorosho naokota.

Yeye na mrija wake alikuwa haishi kwenda chooni, na kila akirudi jasho linamtoka. Alisema akikojoa anachomwa kuanzia kibofuni mpaka ubavuni, na akiinama kuokota korosho kidogo tu mkojo unakuwa mwekundu. Nikamwambia, "Baba, mimi nilikuwa na mrija huohuo. Hauumi. Sema tu umechoka korosho." Kesho yake akaja shambani. Nilimkuta anaokota amepiga magoti, nikamuuliza hiyo ni sala ya saa ngapi.

Hayo yangeishia nyumbani. Lakini shangazi yake alifariki huko Mtama, tukaenda msibani, na kwenye misiba ya kwao watani hawakosi. Watani wana ruhusa yao: wataiga mwendo wa marehemu, watazuia kaburi lisichimbwe, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Mimi ndiye niliyewapelekea habari. Nilikuwa nao jikoni tunamenya mihogo, nikawaeleza yote, hadi namna anavyovuta pumzi kabla ya kukojoa. Haikupita saa moja, mama mmoja kati ya wale watani akajifunga kamba ya katani kiunoni, kipande kimoja kinaning'inia mbele, akapita katikati ya wanaume akichechemea na kulia, "Nipisheni, mrija unaniita." Watu walicheka mpaka wengine wakaegemea ukuta. Mume wangu naye alicheka, maana mtani hanuniwi. Kisha akageuka akanitazama. Habari zile zilikuwa na mtu mmoja tu wa kuzitoa, naye alimjua.

Kuanzia siku ile hakulalamika tena. Nikajisifu kwamba nimemponya.

Siku ya kutolewa mrija nilimsindikiza hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole, akaniamkia shikamoo, akaniambia nisubiri nje. Baada ya muda akaniita ndani. Mume wangu alikuwa amekaa kitandani, na mrija upo kwenye kisahani cha chuma. Daktari akamuuliza alikuwa anaendeleaje nao. "Vizuri tu," akajibu.

"Vizuri vipi, mzee? Nimeingia na kamera, kibofu chote kimekuwa chekundu pale ncha ilipokuwa inagusa. Huu ulikuwa unakutesa."

Nikadakia kama kawaida yangu. "Huyu ni mwoga, daktari. Mimi nilikuwa nao huuhuu na nililima."

Akaniuliza niliwekewa wapi. Nilipomtajia ile kambi, akaenda kabatini akarudi na mrija mwingine waliouacha madaktari wale, uliopitwa na muda wake, wa kuonyeshea wanafunzi. Akanipa glavu, akaniambia nishike yote miwili. Huo wa kabatini ulinilegea mkononi kama utumbo wa kuku. Ule wa mume wangu nilipoukunja ulijikunjua ukanigonga kidole. Nikaukunja tena, nikidhani nimekosea. Ukanigonga tena.

"Wale walikuja na ya kwao, ya silikoni," alisema. "Hapa tulikuwa na hii migumu tu. Mwili na mwili hutofautiana, mama, lakini mgumu huwasumbua wengi zaidi." Kisha akamgeukia mume wangu. "Ila ungerudi tu, mzee. Kuna vidonge vya kupunguza maumivu hayo. Kwa nini hukurudi?"

Mume wangu alikuwa anafunga vifungo vya shati. Hakuniangalia. Alijibu kwa sauti ileile anayomwelekezea mgeni njia.

"Mke wangu alishapitia, akaniambia hauumi. Nikajua kasoro ni yangu."

Sijawahi kushtuka namna ile, na nimezika wazazi wote wawili. Lawama ningezijibu, kwa maneno sishindwi. Muda wote niliamini ameacha kulalamika kwa kuogopa kuchekwa. Kumbe aliniamini. Wiki sita alikojoa damu akijiona si mwanaume kamili, kwa sababu mimi nilisema. Glavu zilikuwa bado mikononi, nimesimama katikati ya chumba. Daktari ndiye aliyenivua glavu.

Nilimwomba msamaha palepale kwenye benchi la nje, nikalia mbele za watu. Akasema yamekwisha, twende tukanywe chai. Wale watani niliwafuata hadi Mtama, nikawaambia mwongo nilikuwa mimi. Wakanicheka mimi, nikaona ni halali yao.

Nami nilidhani yamekwisha kweli. Mwezi uliopita aliamka shavu limevimba, jicho limebaki kama kitundu. Nikamuuliza, "Jino linauma?"

Kwanza alinitazama usoni, akatafuta kama kuna kicheko, akatazama tena.

"Kidogo tu," akasema.