Ugonjwa wa Pikapu ya Badru

Pikapu ilipoingia gereji pale Bungu, njia panda ya Nyamisati, Mfaume aliitambua sauti ya dereva kabla hajauona uso wake. Ilikuwa ya Badru. Miaka tisa Mfaume alikuwa akimwomba Mungu amlete.

Zamani Mfaume alikuwa fundi katika gereji ya Badru, Kibiti mjini. Siku moja turbo mpya, kifaa cha kuipulizia injini upepo, ilipotea. Badru hakuuliza mara mbili. Alimfunga kamba mikono, akamtembeza gulioni huku watu wakimzomea, "Mwizi! Mwizi!" Wiki hiyohiyo Mzee Yassin akaivunja posa ya Mfaume kwa binti yake, Warda. Mfaume akahama mji.

Sasa Badru alikuwa mfanyabiashara wa kaa. Matenga yalijaa nyuma, kaa hai wa kutoka Mbwera, na jua lilikuwa linapanda.

"Ndugu yangu Mfaume," alisema kwa unyonge. "Gari imekata nguvu ghafla. Tambarare inajikokota, mlima haipandi kabisa, moshi mweusi. Nimebadilisha filta ya dizeli, nozeli zimepimwa, bado."

Mfaume aliingia, akaliendesha hadi kilima cha kwanza. Alipokanyaga mafuta akasikia mluzi chini ya boneti, kama mtu anayepuliza chupa. Alipoachia, mluzi ukafa. Aliporudi alipitisha kidole chini ya mpira unaopeleka upepo wa turbo kwenye injini. Kikatoka na oili. Mpira ulikuwa umepasuka kwa chini, mahali macho hayafiki; gari likisimama ufa unajifumba, likibeba mzigo unaachama na upepo wote unapotea.

Alifunga boneti, akajifuta mikono taratibu.

"Ugonjwa nimeuona."

"Alhamdulillahi! Nini?"

"Kwanza useme nani aliiba turbo."

Badru akatazama matenga. Kaa walikuwa wanatoa povu. Mwajabu, mama lishe wa jirani, aliacha kupepea moto, na wateja wake wakageuka.

"Mfaume, mambo ya kale hayo…"

"Basi mafundi wako wengi. Nenda."

Kisha Badru akasema kwa sauti ndogo, "Mdogo wangu ndiye aliyeiuza. Nilijua baada ya mwezi."

"Walionizomea hawajasikia. Mpigie Mzee Yassin, weka sauti kubwa."

Badru akatafuta namba, akapiga. Aliyasema yote, huku jasho likimtiririka. Upande wa pili mzee akasema, "Nimesikia. Mungu anakuona, Badru."

Mfaume akaufungua ule mpira, akamtupia Badru.

"Huo hapo ugonjwa wako. Mpya utaupata Kibiti, na fundi wa kukufungia utampata hukohuko."

"Lakini kaa wangu watakufa!"

"Ndiyo."

Bodaboda ambayo Badru aliituma Kibiti ilirudi na mpira pamoja na fundi mwingine baada ya alasiri. Kaa waliokuwa bado hai walijaa tenga moja tu. Muda wote huo Mfaume alikaa kivulini akila wali wa Mwajabu, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi aliomba aongezewe.

Ijumaa iliyofuata Mzee Yassin alifunga safari hadi Bungu kuomba radhi. Mfaume alimpa kiti na maji ya kunywa, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akarudi kwenye kazi yake bila kumpa radhi.