Kauli ya Mjomba

Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe nyumbani kwetu, Munisagara, kutuambia kwamba dada amechaguliwa kwenda sekondari. Alikuwa mgeni huku, katokea mikoa ambako baba akishasema neno kuhusu mwanawe basi limekwisha. Baba akamwachia kiti, yeye akakaa kwenye gogo. Mwalimu akaeleza kuwa shule ya kata iko mbali na haina bweni, kwa hiyo binti atapanga chumba na wenzake karibu na shule. Lakini akili anayo, akasema, itakuwa dhambi akibaki. Akauliza kama baba anakubali.

"Nimekubali, mwalimu," baba akasema. "Aende akasome."

Mwalimu akapanda baiskeli yake akiwa na furaha. Dada alikuwa ameinamia sufuria akiisugua kwa mchanga, anatabasamu peke yake. Mama hakutabasamu.

Mtu asiyetoka kwetu milimani hawezi kuona kosa lilikuwa wapi. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Baba atamlisha, atamvisha na atamchapa akikosea, lakini jambo kubwa, kama kuolewa au kwenda kuishi ugenini, linasemwa na mjomba. Mama huenda kwa kaka yake na jogoo, anakaa chini, anaeleza, na mjomba anatoa kauli. Baba alilijua hilo tangu hajaota ndevu.

"Umemjibu mgeni kabla ya kaka yangu?" mama akamuuliza baba, mwalimu alipoondoka.

"Ulitaka nimwambie nini? Kwamba hapa kwangu mimi sina kauli?"

Hicho ndicho kilichotuponza, aibu ya mwanamume mmoja mbele ya mgeni. Leo namwonea huruma, kwa sababu nami ni baba. Zamani nilimkasirikia sana.

Mama alitaka kwenda kwa mjomba mara moja, lakini gulio likamtangulia. Mjomba alikuwa pale sokoni na ndizi zake, watu wakaanza kumpa hongera, eti mpwa wake anakwenda sekondari na baba yake keshakubali. Mama alipofika na jogoo wake, mjomba hakumpokea. Hakufoka pia. Angefoka ingekuwa afadhali, maana yeye hasira zake za kufoka zilikuwa haziamki naye kesho yake.

"Kama mwenye mtoto keshapatikana," alisema, "mimi sina la kusema."

Hakukataza, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Mtoto aliyeondoka bila kauli ya mjomba, akiugua huko kwenye chumba cha kupanga, nani atamfuata? Akirudi na mimba, nani atasimama naye mbele ya watu? Mama hakuthubutu kumtoa. Kauli ya baba ilikuwa nzuri, ila ilikuwa ya mtu asiye na kauli.

Sare ilikuwa imeshashonwa Kilosa mjini, pamoja na sketi ya bluu ya marinda. Shule zikafunguliwa. Dada akawa anakwenda shamba pamoja nasi, anapalilia mahindi, na treni ya mizigo ikipita anasimama na jembe mkononi mpaka behewa la mwisho lipotee. Mwalimu mkuu alirudi kuuliza. Baba alimwona kwa mbali akakimbilia mtoni, mtu mzima kabisa, akamwacha mama adanganye kwamba mtoto anaumwa.

Mjomba alilainika wakati wa mavuno. Alikuja kwa miguu, akasema mtoto aende. Shuleni wakajibu kwamba jina lake limeshaondolewa. Mjomba aliposikia hivyo aliomba kuiona ile sketi. Dada akaileta, mjomba akaiweka mapajani, akawa anayafuata marinda kwa kidole, moja baada ya jingine, machozi yanamtoka. Hakuwa mtu mbaya. Nimejaribu mara nyingi kumchukia, nimeshindwa.

Zamu yangu ilipofika, mama alikwenda kwa mjomba kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo, na kauli yangu ikatoka kabla hajamaliza kueleza. Nikasoma hadi kidato cha nne, nikajifunza kuchomelea vyuma, nikafungua karakana hapa Mikumi kando ya barabara kuu. Sikumzidi dada akili. Nyumbani yeye ndiye aliyekuwa ananifundisha hesabu. Mimi nilitanguliwa na jogoo tu.

Mjomba alishafariki. Mwaka huu binti wa dada naye akachaguliwa kwenda shule ile ile ya kata. Siku hizi ina bweni la wasichana. Wanakijiji walifyatua tofali na kubeba mchanga, na vitanda vya dabo deka nimechomelea mimi. Dada aliponipigia simu kunipa habari, nilikuwa nimebanwa na kazi, dereva wa lori ananisimamia kichwani. Nikamjibu kwa moyo mweupe kabisa.

"Dada, mambo ya kuulizana yamepitwa na wakati. Mimi sina la kusema. Mpeleke mtoto."

Simu ikakatika. Nikadhani salio limemwishia.

Kesho yake akashuka kwenye basi la Kilosa, binti yake nyuma, jogoo kwapani. Nikavua miwani ya kuchomelea.

"Shikamoo dada."

Hakuitikia. Tangu nijue kuongea, dada hajawahi kuiacha salamu yangu, hata siku tulizogombana. Nikamvutia kiti. Akakipita, akatandika kanga sakafuni, kwenye vumbi la chuma, akakaa chini na kumweka jogoo mbele yake. Mafundi wenzangu wakaacha kazi wakawa wanatuangalia.

"Nimekuja kwa mjomba wa mwanangu," akasema. "Mtoto anataka kwenda kusoma. Nimekuja kuomba kauli."

"Lakini dada, si nilishakuambia kwenye simu?"

"Uliniambia huna la kusema. Maneno hayo nayajua. Nimezeeka nayo."

Hapo ndipo niliposikia nilichokuwa nimesema. Nilijiona mdogo sana mbele ya mpwa wangu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akitazama viatu vyake vipya. Nilitaka kuomba radhi, lakini dada hakupanda basi kufuata radhi. Nikazima mashine. Nikanawa mikono. Nikampokea jogoo kwa mikono miwili, nikasema kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Nimesikia. Mtoto huyu aende shule. Akiumwa, niitwe mimi. Akikwama, niitwe mimi. Siku ya kumpeleka godoro lake nitalibeba mwenyewe."

Dada aliinamisha kichwa. Kisha akainuka, akakung'uta kanga, akaja kukaa kwenye kile kiti nilichokuwa nimemvutia.

"Marahaba, mdogo wangu," akasema.