Dereva Hakuambiwa Habari ya Diski

Siku yangu ya kwanza katika garaji ya Kasongo sikushika spana. Shefu wa garaji, mzee mfupi mwenye sauti ya kutisha, alinipa burashi, akaniamuru nisafishe matamburi ya freni ya pikap zote za kampuni iliyotuajiri, iliyokuwa inanunua mpunga. "Mutu asiyejua kusimamisha gari, asiguse moteri," alisema. Nilisugua mpaka jioni. Ninyi vijana wa Kasongo mnaojiita mafundi leo kwa sababu mna spana mbili mngemkimbia kabla ya saa sita.

Tamburi ni kama sufuria ya chuma inayozunguka na gurudumu. Ukikanyaga freni, vipande viwili vilivyopinda vinatanuka ndani na kusugua ukuta wake. Ubaya wake ni maji. Njia ya Kabambare ina mito mingi isiyo na daraja la maana, na maji yakiingia humo hayatoki upesi, freni haishiki. Kwa hiyo madereva wetu, mashofere kama tunavyosema, walikuwa na desturi. Ukitoka mtoni, mguu wa kushoto unakanyaga freni kidogo, wa kulia uko kwenye gesi, unakwenda hivyo mwendo mrefu mpaka freni ipate joto. Tendo hilo waliliita kukausha. Dereva asiyekausha alitukanwa na abiria.

Baadaye nilipelekwa Kabambare kusimamia garaji ndogo. Huko niliamua kuitoa pikap yetu ya zamani kwenye tamburi na kuiwekea diski mbele. Diski ni sahani ya chuma iliyo wazi, inayobanwa pande mbili na koleo tunaloliita etriye. Maji hayakai juu yake. Vifaa nilivitoa kwenye pikap mpya zaidi iliyopinduka upande wa Salamabila. Nilichonga kishikio cha etriye, nikabadilisha pampu ya freni kwa sababu diski inataka nguvu zaidi, nikatoa na kivalvu kinachobakiza presha ndani ya bomba, maana ukikiacha, diski zinabanwa hata ukiondoa mguu. Nikaijaribu kwenye mteremko. Ilisimama vizuri, nami nikafurahi sana.

Nikamwendea shefu wa magari, mkubwa wetu pale. Nikamwambia gari lisitoke kabla sijakaa na dereva, Assumani wa Wamaza, mtu mtulivu asiyekosa swala. Diski haikaushwi. Ukiikanyaga mwendo mrefu inawaka, joto linafika kwenye mafuta ya freni, mafuta yanachemka, na pedali inashuka bure.

"Shofere iko shofere," shefu alijibu. "Anafunga freni tangu zamani. Unataka kumufundisha nini? Mupunga iko naoza. Gari itoke."

"Shefu, unipe muda kidogo na yeye."

"Nimesema itoke."

Akanituma Salamabila papo hapo kutengeneza moteri ya lori, kusudi nisiendelee kubishana. Assumani alipokuja kuchukua gari, mimi nilikuwa nimekwisha kuondoka.

Alivuka mto, akakausha. Akavuka mwingine, akakausha tena, kama walivyomfundisha waliomtangulia. Kwenye mteremko mrefu alikanyaga pedali ikagusa chini. Pampu yetu ilikuwa ya njia moja, kwa hiyo hata freni za nyuma hazikushika, na gari likatoka barabarani. Mama Zaina, muuza mawese aliyekaa juu ya magunia, alikufa palepale. Assumani alikatwa mguu.

Na yule shefu akatangaza mbele ya watu wote kwamba dereva hakukausha vizuri. Nilimwambia usoni kwamba ni yeye aliyemuua yule mama. Nilisema kwa sauti, na ningesema tena leo. Jibu lake lilikuwa kunihamishia Salamabila moja kwa moja, nikatengeneze majenereta mpaka nilipostaafu. Yeye alipandishwa cheo.

Assumani alipelekwa kutibiwa mbali, tukapoteana. Mwaka jana nilisikia amerudi Wamaza, nikapanda pikipiki kumwona. Hata hatujamaliza kusalimiana, akaniambia, "Kaka, ile siku sikukausha ya kutosha. Yule mama ananikuya mu roho kila siku."

Miaka yote hiyo alikuwa ameuamini uongo ule. Nikamweleza yote, diski, mafuta kuchemka, shefu kukataa.

"Basi ulijua," alisema.

"Nilijua. Nilimuambia shefu. Alikataa."

"Na sasa, vijana wanaoweka diski kule Kasongo, wanaambia bashofere?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nimepita kwenye magaraji yenu, nimeona mnavyofunga bolti na kutupa gari barabarani.

"Hapana," nilisema.

"Sasa unakuya kuniambia miye ya nini?" aliuliza Assumani. "Miye siendeshi tena."