Siku Moja Iliyopungua

Kamusi yangu ya sheria niliinunua kando ya Barabara ya Jogoo, kwa muuzaji anayetandaza vitabu juu ya gunia. Kabla ya kuuliza bei nilihesabu kurasa, mara mbili. Zilikosekana nne, zote za mwisho.

"Buda, hiyo ni herufi Z," muuzaji akajitetea. "Nani amewahi kufungwa kwa sababu ya Z?"

"Basi nitolee bei ya Z."

Akaitoa, shingo upande.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Kila kesi niliyosoma ilinipeleka kwenye kamusi hiyo, kisha kwenye ya Kiswahili, kwa sababu neno nisiloweza kumweleza mama nililihesabu kuwa sijalielewa. Mama ni fundi wa nguo katika duka la kupanga mtaani Mbotela. Hushona sare za shule, na mwaka wake mzima hutegemea zile wiki chache kabla ya shule kufunguliwa Januari.

Desemba hiyo, tarehe mosi, ajenti wa mwenye nyumba alimletea barua: ahame dukani tarehe thelathini na moja. Watoto arobaini na wawili walikuwa wameshapimwa. Sare zao bado zilikuwa vitambaa, na cherehani hazikuwa na pengine pa kukaa.

Mkataba wa mama ulikuwa kwenye kopo la vifungo. Uliandikwa kwa Kiingereza, ukidai notisi ya siku thelathini kamili. Hilo "kamili" mtu angelipita kama salamu ya njiani. Mimi sinunui kitu kabla ya kukigeuza upande wa pili. Kamusi ikanijibu: siku ya kupokea barua haihesabiwi, wala siku ya kuondoka, huhesabiwa zilizo katikati tu. Nikapanga kifungo kimoja kwa kila siku juu ya meza ya kukatia. Ishirini na tisa.

"Hesabu tena," mama akasema.

Ishirini na tisa.

Tarehe ishirini ajenti alirudi kuona kama tumeanza kufunga mizigo.

"Niaje, wakili wa mwaka wa pili! Umeshanishtaki?"

"Bado, mzee. Korti ya Makadara ni hapo tu, tutaenda hata kwa miguu. Hesabu vifungo kwanza."

Nikamfungulia kamusi na mkataba. Alisoma akicheka, akahesabu akicheka, na alipofika kifungo cha mwisho kicheko kikamwishia. Akavichanganya, akaanza upya. Hapo nilimpenda kidogo.

"Siku moja tu, jamani!"

"Ni moja," mama akasema, mguu wake haujaacha kukanyaga cherehani. "Lakini ni yangu."

Barua mpya ililetwa jioni hiyo, na hesabu ikaanza mwanzo. Safari hii ilitufikisha Januari ishirini. Shule zilikuwa zimeshafunguliwa, sare zote arobaini na mbili ziko na wenyewe, na mama ameshapata chumba ng'ambo ya barabara.

Siku ya kuhama kilibaki kipande cha kitambaa cha buluu. Mama akaichukua kamusi, akaipima kwa utepe, akaipima tena, akaishonea jalada. Ndani aliongeza mfuko mwembamba.

"Wa nini, mama?"

"Wa zile kurasa nne. Siku ukizipata, usilipe bei ya kwanza."